Boila ya Mafuta Inapokosa Hewa: Namna ya Kuchunguza Dohani na Njia za Hewa

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nyumba nyingi hupashwa joto na boila inayochoma mafuta, na hakuna jimbo jingine nchini humo linalotegemea mafuta hayo kwa kiwango hicho. Familia za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda zilizohamia Portland na Lewiston mara nyingi huukuta mtambo huu besimenti, yaani chumba kilicho chini ya nyumba, bila mtu wa kuwaeleza unavyofanya kazi, na unapozimika usiku wa Januari, hudhaniwa kwanza kwamba mafuta yamekwisha. Ni sawa kuanza kwa kutazama geji ya tangi. Lakini ikiwa mafuta yamo, fuata njia ya hewa kabla hujailaumu pampu, kwa kuwa lita moja ya mafuta haya huhitaji si chini ya mita za ujazo 10 za hewa ili iungue vizuri, na hewa yote hiyo lazima ipate pa kuingilia, kisha itoke nje ikiwa moshi.

Jambo la usalama hutangulia yote. Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. King'ora cha gesi hiyo kikilia, au watu wa nyumbani wakaanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje nyote na mpige simu ya dharura, 911, mkiwa huko nje. Msibaki ndani mkifungua madirisha na kutafuta chanzo. Nyumba isiyo na king'ora kinachofanya kazi haifai kuchunguzwa boila. Kinunuliwe kwanza, au mwenye nyumba adaiwe akiweke, maana sheria ya Maine inakitaka katika nyumba za kupanga.

Kisha tambua boila yako ni ya aina gani. Nyumba za zamani huwa na dohani ya matofali inayopanda hadi juu ya paa, na boila huvuta hewa kutoka besimenti yenyewe. Nyingine hazina dohani: moshi hutolewa kwa bomba fupi lililotoboa ukuta, na mara nyingi kuna bomba la pili la kuingiza hewa kutoka nje. Aina hii ya pili husumbuliwa zaidi na theluji, kwa sababu midomo ya mabomba hayo iko karibu na ardhi. Baada ya dhoruba, zima boila kwa swichi ya dharura, ambayo kwa kawaida ina kibati chekundu na huwekwa juu ya ngazi za kushukia besimenti, ndipo uende nje ukaondoe theluji kwa koleo kuzunguka midomo yote miwili, kwa upana wa mita moja hivi. Chungulia wavu wa bomba la kuingizia hewa uone kama umezibwa na barafu, majani au kiota, na uusafishe kwa mkono au brashi. Usimwage maji ya moto, kwani yataganda papo hapo na kuziba zaidi.

Mvuke mweupe unaotoka wakati wa baridi kali si kasoro. Ni mvuke wa maji uliomo katika moshi, unaopoa hewani na kuwa matone madogo. Moshi mweusi ndio wa kuogopwa. Dalili nyingine ni masizi yanayojikusanya kuzunguka mlango wa boila au kwenye ukuta wa nje, harufu ya mafuta kila moto unapowaka, na mngurumo au mtetemo ambao haukuwapo msimu uliopita.

Kwa boila inayovuta hewa ya besimenti, kosa ambalo watu hulipuuza ni lile linalotokana na ukarabati mzuri. Mtu huziba nyufa, hubadilisha madirisha, hujenga chumba cha kulala besimenti na kuibana boila katika kichumba kidogo chenye mlango, halafu anashangaa kwa nini inatoa masizi wakati miaka yote ilikuwa salama. Kanuni inayotumika Marekani kwa kichumba kinachopata hewa kutoka sehemu nyingine ya nyumba ni matundu mawili, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu, kila moja likiwa na inchi 1 ya mraba kwa kila BTU 1,000 (BTU ni kipimo cha joto) ambazo boila hutumia kwa saa. Boila ya BTU 120,000 kwa saa basi inahitaji matundu mawili ya inchi 120 za mraba kila moja. Mashine ya kukaushia nguo na feni ya jikoni nazo hutoa hewa nje na kuinyang'anya boila. Ili kupima, washa vyombo hivyo boila ikiwa inafanya kazi, sikiliza sauti ya moto, kisha fungua dirisha la besimenti. Sauti ikitulia, hewa haitoshi. Dirisha lililofunguliwa ni kipimo tu. Dawa ni matundu ya kudumu.

Sasa tazama bomba la chuma linalounganisha boila na dohani. Linapaswa kupanda kidogo kuelekea dohani, viungo vyake viwe vimekazwa kwa skrubu, na pasiwepo kutu iliyotoboa wala michirizi ya masizi. Katikati yake kuna kijimlango cha duara kinachobembea chenyewe ili kusawazisha mvuto wa dohani. Kisukume taratibu kwa kidole bomba likiwa limepoa, uone kama hakijakwama. Kamwe usikifunge kwa tepu. Boila ikishawaka kwa dakika chache na dohani kupata joto, shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na kijimlango hicho: moshi wa udi ukivutwa ndani, dohani inavuta, ukisukumwa kuelekea chumbani, zima boila, kwa sababu huenda kuna kiota, matofali yaliyoporomoka au masizi yaliyojaa chini ya dohani. Kazi ya kuifungua dohani ni ya msafishaji, si yako.

Kuna kitufe chekundu kwenye kichomeo, sehemu inayowasha moto, ambacho huirudisha boila kazini inapojizima yenyewe. Kibonyeze mara moja, wala usirudie. Kila jaribio hunyunyiza mafuta ndani ya chumba cha moto, na yasipowaka hubaki humo yakingoja. Siku moto utakapowaka, yote hulipuka kwa pamoja na kuijaza nyumba nzima masizi, pengine hata kulitengua bomba la moshi.

Baada ya hapo ita fundi mwenye leseni ya Maine Fuel Board, bodi ya jimbo inayosimamia mafundi hawa, na kama umepanga, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi. Skrubu ya kurekebisha hewa kwenye kichomeo usiiguse, hata kama ni rahisi kuifikia, kwa sababu moto unaopendeza kwa macho unaweza kuwa unatoa sumu. Fundi wa kweli hupima mvuto wa dohani, hunyonya moshi kupitia karatasi nyeupe kuona kama unaacha weusi, na hutumia kipimo cha gesi kusoma oksijeni na kaboni monoksidi. Akirekebisha bila vyombo hivyo, mwombe avilete, kisha mdai karatasi yenye vipimo, uining'inize karibu na boila kwa ajili ya fundi atakayefuata. Mweleze pia kila kilichobadilika nyumbani tangu msimu uliopita: madirisha mapya, mashine ya nguo, ukuta uliojengwa besimenti.