Somo: Uzito kwanza, rangi baadaye. Kuchagua kitambaa cha koti la kushonesha

Mteja akiingia na kitambaa mkononi, kwanza ataniambia rangi: "Fundi, tazama bluu hii ilivyokolea." Mimi hukipokea na kukipima kwa kiganja kabla ya kukitazama. Somo hili linafuata mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Kazi ya koti. Koti la kila siku hukaliwa, hubebeshwa mkoba begani na kupigwa pasi mara kwa mara, kwa hiyo linataka kitambaa kisichochakaa upesi. La sherehe huvaliwa saa chache, hapo jidekeze.

Hatua ya 2: Uzito. Vitambaa vingi vya suti huwa na upana wa sentimita 150 hivi, na uzito hutajwa kwa gramu za mita moja ya urefu. Kati ya 220 na 270 ni chepesi, cha siku za joto. Kuanzia 300 hadi 370 ndicho ninachompa anayeshonesha koti kwa mara ya kwanza, maana huanguka vizuri na huficha makosa ya fundi, yangu yakiwemo. Koti la baridi linaanzia kama 500 na linaweza kupita 700. Ila wauzaji wengine hutaja gramu za mita ya mraba: 300 za mita ya urefu ni 200 tu za mraba. Uliza anakutajia ipi.

Koti la kwanza la baridi nililojishonea lilikuwa la kitambaa cha suruali. Nilikipenda mno. Haukupita muda mifuko ikalegea kama masikio ya mbuzi, na kola ikakataa kusimama.

Hatua ya 3: Nyuzi. Hapa ndipo penye pesa yako. Kamata pembe ya kitambaa, ifinye ngumini, hesabu hadi kumi, achia. Sufu nzuri hujinyoosha taratibu huku unaitazama. Kitani hubaki na mikunjo, nacho hakina hatia, ndivyo kilivyo. Wanaokipenda wanakipenda hivyo. Pamba hutoa uvimbe viwikoni.

Sufu ina jambo lingine ambalo mteja halioni. Mkono wa koti hukatwa ukiwa mkubwa kuliko tundu la bega, kwa sentimita mbili au tatu hivi. Ziada hiyo tunaibana kwa uzi, tunaipiga mvuke wa pasi, inanywea na bega linapata mviringo. Poliesta tupu haikubali; ziada inageuka vifinyo, na fundi analaumiwa bure.

Huamini maneno ya muuzaji? Chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Pamba na kitani huungua kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona dalili mbili pamoja, ni mchanganyiko, na mchanganyiko si dhambi ikiwa sufu ndiyo nyingi.

Na zile namba zinazoandikwa kwenye vitambaa vya sufu, Super 100, Super 120, Super 150? Zinaeleza wembamba wa unyoya tu. Super 100 haizidi mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Super 150 haizidi 16.25. Unyoya mwembamba ni laini, lakini hukunjamana na kuchakaa upesi. Kwa kazi ya kila siku, 100 hadi 120 inatosha.

Hatua ya 4: Ufumaji. Kinyanyue kwenye mwanga. Ukiona matundu mengi, mshono utafunguka. Mfumo wa mshazari huficha mikunjo kuliko ule wa kawaida.

Hatua ya 5: Kiasi. Kwa upana wa sentimita 150, koti la suti linataka mita 2 hivi, na la baridi la kufika magotini mita 2.5 hadi 3. Cha mirabaraba ongeza, kwa sababu mistari lazima ikutane mgongoni, mifukoni na mkononi.

Hatua ya 6: Kabla ya kukata. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kipige mvuke, kiache kipoe, pima tena. Kikirudi hadi 19.5, mgongo wa sentimita 75 utapoteza karibu 2. Chagua bitana, yaani kitambaa cha ndani ya koti, ya viskosi, haileti joto kama poliesta. Sasa toka nje na kitambaa, ukaone rangi yake kwenye mwanga wa jua.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Nimeshanunua kitambaa chembamba. Nikibandika kitambaa cha gundi ndani kitasimama?

Marahaba. Kifuani na kwenye kola, sawa. Ukibandika koti zima utavaa boksi, na gundi ikiachia utaona malengelenge kifuani. Ningekushauri ushone koti laini lisilo na pedi za mabega, liendane na kitambaa.

Koti la sufu naweza kulifua kwa mashine?

Hapana. Maji moto na kusukwasukwa hufanya nyoya zishikane, koti linanywea na halirudi. Lipige brashi, litundike penye hewa, doa lishughulikie peke yake.

Nitajuaje upande wa mbele?

Kama ukingoni pana maandishi, upande yanaposomeka ndio wa mbele. Pasipo na alama, chagua upande mmoja na uweke chaki upande uleule kwenye kila kipande. Kosa si kuchagua vibaya, kosa ni kuchanganya.

Fundi, nina mahameli mita 2, nataka koti la suti. Yatatosha?

Pitisha kiganja juu yake: ukielekea upande mmoja ni laini, ukirudi kinyume unakwaruza. Vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, la sivyo mkono mmoja utaonekana mweusi kuliko mwenzake. Kwa hiyo huwezi kuvigeuza vipande ili kubana nafasi. Tandaza patani zote, zile karatasi za vipimo, sakafuni juu ya kitambaa kabla ya kushika mkasi. Kola isipopata nafasi, tafuta nusu mita nyingine, lakini itoke kwenye jora lilelile.