Chai ya vidonge kutoka Yunnan: usiichemshe

Ukibahatika kupata chai nyeusi ya Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China, ile iliyoviringwa kama gololi, tafadhali usiitie sufuriani. Majani tuliyozoea Afrika Mashariki yamekatwa punjepunje, hutoa rangi papo hapo. Hili ni jani zima pamoja na chipukizi lake, nalo lataka muda wa kufunguka.

Mimi hupima gramu 5 kwa mililita 120 za maji yaliyochemka yakatulia kidogo, nyuzi 90 hadi 95. Maji ya kwanza nayaacha kwenye majani sekunde 40 hivi, kisha nayamimina kikombeni. Ya pili, kidonge kikiwa kimeshalegea, sekunde 20 zinatosha. Baadaye naongeza sekunde taratibu. Majani yaleyale hunipa vikombe vitano, hata sita.

Onja kwanza bila sukari, tena katika kikombe cheupe: Wachina huiita hong cha, chai nyekundu, na rangi yenyewe itakuonyesha sababu. Fyonza kwa sauti ili hewa iingie mdomoni. Utasikia asali, kakao, na kwa mbali kiazi kitamu cha kuchoma. Ikikausha ulimi, punguza sekunde kabla ya kupunguza majani.