Gesti Yako Mtwara Ijitangaze Yenyewe: Anza na Chumba na Mapokezi

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, hakuna gesti ya Mtwara inayokosa wageni. Kazi ni mgeni huyohuyo arudi Machi, mji ukiwa umetulia, na awaelekeze wenzake wa Masasi na Newala. Nasimamia nyumba ya wageni hapa mjini. Hela ya mabango naiweka kwenye vyumba na kwa wahudumu, na wewe nakushauri hivyo.

Hatua ya 1: Lala kwenye chumba chako
Usikague umesimama mlangoni. Lala mpaka asubuhi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, maana umeme hukatika. Andika kila kinachokukera: chandarua kifupi, soketi iliyo mbali na kitanda. Rekebisha hayo kabla hujanunua mapazia mapya.

Hatua ya 2: Upe upepo njia
Kusi huvuma katikati ya mwaka, kaskazi mwaka unapoisha na kuanza. Kabla fundi hajatoboa ukuta, mpeleke Mikindani akaone nyumba za kale: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, baraza nje. Boma la Wajerumani la pale lilikuja kugeuzwa hoteli, na sura yake ya zamani ndiyo inayowavuta watu. Chumba chenye dirisha moja, kitobolewe matundu juu ya mlango, yawekwe wavu wa mbu.

Hatua ya 3: Kinyago kimoja, kizuri
Nunua kwa mchongaji mwenyewe kinyago cha Kimakonde cha mpingo, kile cha ujamaa chenye watu waliobebana. Kiweke mapokezi, taa ikimulika kutoka ubavuni. Wageni watapiga picha hapo na kuzituma kwenye makundi yao ya WhatsApp. Mhudumu ajue kukieleza.

Hatua ya 4: Dakika kumi za kwanza
Hapa ndipo gesti nyingi zinapoharibu. Mtu ametoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 500, halafu anasimamishwa kaunta ajaze daftari! Apokewe mzigo, aketi, apewe maji baridi, ndipo daftari limfuate alipo. Muulize anaondoka saa ngapi. Anayewahi basi la alfajiri afungiwe chai na kitafunwa. Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, ikiwepo, mfungie pia, wengi hawajawahi kuionja. Mtumishi aliyekuja kikazi anahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa hiyo itolewe usiku uleule.

Mhudumu wa zamu apewe ruhusa ya kumhamisha mgeni chumba bila kumpigia bosi simu. Feni ikifa saa saba usiku, mgeni anataka kulala, hana haja ya maelezo.

Hatua ya 5: Ramani na maoni
Weka gesti kwenye ramani ya Google kwa picha za vyumba vyenyewe, zilizopigwa mchana. Lalamiko ulijibu kwa jina la gesti, useme umerekebisha nini, na uweke picha ya kilichorekebishwa.