Mgombea Akija Sokoni, Muulize Hivi

Mimi nauza samaki wa kukaanga soko la Deep Sea, hapa Tanga. Kila kampeni mgombea ubunge hupita kutushika mikono. Usimuulize "utatufanyia nini?" Atakuahidi pepo. Mwambie ataje vipaumbele vitatu tu, kisha kwa kila kimoja: fedha zitatoka wapi?

Hapo ndipo wengi hukohoa. Mbunge hana hazina yake. Ana Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za serikali za kuchochea maendeleo ya jimbo, ambao mwenyekiti wa kamati yake ni yeye, na ana kiti kwenye baraza la madiwani linalopitisha bajeti ya halmashauri. Kwa hiyo akijisifia mikopo ya kina mama, mkumbushe kwamba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi ipo kisheria: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Yeye ataongeza nini? Vikundi hewa vinavyochukua mikopo hiyo atavizuia vipi?

Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, linaloishia Chongoleani hapa Tanga, halikosi kutajwa. Mbane: vijana wetu watapata kazi zipi, na watafunzwa wapi?

Mtaro ulioziba mpelekee diwani. Majibu yaandike, au rekodi kwa simu. Wapambe wakinuna, wauzie samaki.