Jumatatu usifundishe herufi mpya: ninavyoipanga wiki ya darasa la kwanza

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la kwanza kwa mara ya kwanza, pole na hongera. Walimu wengi hulikwepa darasa hili. Huwezi kuandika maswali ubaoni ukakaa, kwa sababu hakuna wa kuyasoma. Huwezi kusema "fungua ukurasa wa 14", kwa sababu nusu yao bado hawaijui 14 wakiiona. Mimi nimelishika miaka mingi na sijawahi kuomba kuhamishwa, kwa hiyo nitakueleza wiki yangu inavyokwenda.

Jambo kubwa ni hili: kitu kipya huingia Jumanne, na kuanzia Alhamisi hakiingii kipya tena. Mtoto wa miaka sita au saba aliyekaa siku mbili bila kugusa herufi hurudi na ile ya wiki iliyopita ikiwa imechuja. Ukimrundikia nyingine Jumatatu asubuhi, kufika Jumatano atakuwa na herufi mbili zinazoyumba badala ya moja iliyosimama. Mkuu wa shule anaweza kukuuliza kwa nini andalio lako la Jumatatu halina mada mpya. Mwonyeshe orodha ya Ijumaa, ambayo nitaieleza mbele.

Basi Jumatatu tunafanya nini? Kwanza tunazirudisha taratibu: begi linawekwa wapi, penseli zinachongwa saa ngapi, anayetaka kwenda chooni anafanyaje. Hili la choo usilidharau. Akiomba mmoja, wanaomba kumi. Nimetundika vibao viwili mlangoni, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Kibao kipo, unakichukua unakwenda bila kuniuliza. Hakipo, unasubiri mwenzako arudi. Penseli nazo zichongwe kabla ya kipindi kuanza, na uwe na kopo lenye penseli chache zilizochongwa tayari. Iliyovunjika inabadilishwa kimyakimya, somo linaendelea. Bila kopo hilo, kipindi kizima kitaishia kwenye kichongeo kimoja kinachozunguka darasani.

Kisha watoto wawili watatu husimulia walichofanya siku za mapumziko. Katika masimulizi ya kila mmoja ninachagua sentensi moja na kuiandika ubaoni vilevile alivyoisema. "Kaka alining'oa jino." Tunaisoma pamoja, kidole changu kikitembea chini ya kila neno. Hata asiyejua herufi tatu anaisoma, maana ameisikia sasa hivi kwa sikio lake, na hapo anaanza kuona kwamba maneno ya mdomoni ndiyo hayohayo yaliyoko ubaoni. (Habari za meno zitakuwa nyingi. Huu ndio umri wa meno ya mbele kung'oka, kwa hiyo mtoto akitamka "sasa" kwa upepo mwingi, mchungulie mdomoni kabla hujaandika kwamba ana tatizo la matamshi.)

Jumanne ndiyo siku ya herufi. Irabu tano huwa tumeshazimaliza, a, e, i, o, u, kisha naingiza konsonanti moja moja. Sifuati mpangilio wa alfabeti. Naanza na zile ambazo sauti yake inavutika: m, n, s, l. Ukisema "mmmmm" halafu ukafungua mdomo kwa "a", mtoto anaisikia "ma" ikizaliwa. Sauti ya b haivutiki hivyo, ndiyo maana naichelewesha. Tena itamke sauti yenyewe, usitaje jina la herufi. Anayefundishwa kwamba "be" na "a" ni "ba" ana haki ya kukuuliza ile "e" imekwenda wapi.

Sasa nikutahadharishe kuhusu wimbo. Ba be bi bo bu! Darasa zima linaimba, dirisha linatetemeka, anayepita nje anadhani watoto wamejua kusoma. Jaribu hivi: andika silabi hizo ubaoni, halafu usianzie mwanzo, onyesha "bo". Utaona wengine wanarudi kimoyomoyo, ba, be, bi, mpaka waifikie. Hao wanaimba, hawasomi. Mimi siuchukii wimbo, huwachangamsha, ila ukishaimbwa mara mbili nazichanganya: mo, ma, mu, mi, me. Naonyesha juu, chini, katikati, narudia ileile mara mbili mfululizo nione nani ataitaja inayofuata kwa mazoea. Mchezo huu wa kuruka ruka ndio unaofundisha.

Siku hiyohiyo silabi ziwe maneno, zisilale peke yake. Nakata maboksi au karatasi za manila kuwa vikadi, silabi moja kila kikadi, na watoto wanaviunganisha mezani. Wakishajua m, l, k na t wana mama, mimi, moto, mate, lala, lima, kuku, kiti, taka, meli. Hapo tayari unaweza kuandika "kaka alilala" na mtoto akacheka kwa sababu ameelewa. Siku mtoto anapocheka kwa alichosoma, kazi yako imeanza kulipa.

Mitego ya baadaye ni silabi zisizo na irabu. "Mtu" ina silabi mbili, m-tu. "Mbwa" nayo mbili, m-bwa. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, na "nchi" ni n-chi. Usieleze kanuni, hawataielewa. Wapige makofi: neno moja, kila silabi kofi moja. Masikio yao yanajua tayari, maana wanayasema maneno haya tangu wakiwa wadogo. Ng na ng' usiziweke wiki moja. Vivyo hivyo b na d, ziachanishe kwa wiki kadhaa, moja izoeleke kabisa kwanza.

Jumatano ni ya mwandiko, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watoto wengi huharibiwa. Kabla ya herufi tazama mwili. Miguu ikanyage kitu, hata kama ni boksi lililowekwa chini ya dawati. Penseli ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, cha kati kikiibeba kwa chini. Anayeikamata kwa ngumi atachoka mistari miwili tu, halafu utamwita mvivu bure. Mashoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani, na daftari lake aliinamishe kuelekea kulia ili mkono usifunike anachoandika. Kumlazimisha abadili mkono ni kumwongezea kazi ya pili ilhali ya kwanza haijamalizika.

Herufi nazifundisha kwa mwendo wa mkono. Ukijua c, unazijua o, a, d, g na q, kwa sababu zote huanza kwa kupinda kuelekea kushoto. Halafu zinakuja za kushuka: l, i, t. Kisha zinazoshuka na kupanda tena: n, m, r, h, b. Hapo ndipo dawa ya b na d ilipo. Herufi d huanza na c, kisha mkono unapanda kufuata mstari wake. Herufi b huanza na mstari, tumbo linafuata. Mtoto akikosea usimwambie "umegeuza", muulize "umeanzia wapi?" Atajisahihisha mwenyewe. Kugeuza 3, 7 na S ni jambo la kawaida kwa umri huu. Mbandikie kielelezo juu ya dawati na umwache akitazame. Ikiendelea muda mrefu baada ya wenzake kuacha, na kusoma pia kunamshinda, hapo zungumza na mzazi apimwe.

Kabla ya kumdhania lolote, hakikisha anaona na anasikia. Anayekunja macho akitazama ubao, anayenakili kwa jirani kila mara, mlete mbele. Anayechelewa kuitika, simama nyuma yake uliite jina lake kwa sauti ya chini. Nimeona watoto "wazito" wakipona kwa kuhamishiwa dawati la mbele.

Nafasi kati ya maneno ni kilio kingine. Kiswahili chetu kina maneno marefu yaliyobeba sentensi nzima, hivyo mtoto huandika "ni na soma" kwa vipande vitatu, halafu "kitichababa" kwa mkupuo. Kila neno likiisha, aweke kidole kimoja cha mkono usioandika, ndipo aanze linalofuata. Vidole vitachafuka, vitanawa.

Hesabu haina siku yake, ipo kila asubuhi. Usiwaondolee vijiti mapema. Vijiti kumi vikifungwa kwa raba vinakuwa fungu moja, na "kumi na tatu" inaonekana mezani: fungu moja na vijiti vitatu. Shida huja kwenye kuandika. Mtoto anasikia "kumi", anaandika 10, anasikia "na tatu", anaongeza 3. Umepata 103. Wala hajakosea kufikiri, ameandika alichosikia. Tengeneza kadi pana yenye 10 na kadi nyembamba yenye 3. Ile nyembamba ilalie juu ya sifuri ya ile pana, 13 itajitokeza yenyewe. Kadi hizo zitakufaa hadi 99, maana huko mbele 205 itakusubiri badala ya 25. Na ukifika thelathini na arobaini, nenda taratibu, kwa sababu majina hayo hayafanani na tatu wala nne. Kila siku wahesabu mafungu huku wakitaja jina. Kabla ya yote hayo wajue jozi za kumi, 1 na 9, 2 na 8, mpaka ziwe ulimini. Vidole vinatosha: nyoosha saba, vingapi vimekunjwa?

Alhamisi kuna imla fupi, maneno matano ya Jumanne na Jumatano pamoja na sentensi moja. Nasahihisha nikizunguka, kalamu mkononi, wakati wanaandika. Rundo la madaftari likibebwa nyumbani, mtoto analipata kesho akiwa ameshasahau alichokuwa akifikiria. Daftari usilijaze alama nyekundu za makosa. Mimi nazungushia neno moja zuri kuliko mengine na kumwambia aandike mengine mawili kama lile. Baada ya hapo ni hadithi, nawasomea kwa sauti na kukatiza karibu na mwisho: "Mnadhani atafanyaje?" Kelele zitakazofuata ziache.

Kuhusu kelele, watoto hawa hawakai kimya muda mrefu, na si utovu wa adabu. Kila baada ya robo saa hivi wasimame, wajinyooshe, waimbe wimbo wa vitendo, wakae. Mashtaka nayo hayaishi. "Mwalimu, huyu amenichokoza." Nina swali moja: "Umemwambia mwenyewe kwamba hupendi?" Mashtaka mengi huishia hapo. Anayelia kwa maumivu au hofu ni habari nyingine, huyo asikilizwe papo hapo.

Ijumaa ndiyo iliyobeba wiki nzima. Wenzao wakichora au kupanga vikadi, namwita mtoto mmoja mmoja mezani kwangu. Ana mstari mmoja wa silabi zilizochanganywa na maneno matatu. Haichukui dakika mbili. Sisemi "vizuri" wala "vibaya", naandika tu silabi zilizomgomea. Darasa likiwa kubwa, gawa: wanaosuasua kila Ijumaa, wengine kwa zamu. Karatasi hiyo ndiyo andalio langu la Jumatatu. Kama watoto kumi wamekwama kwenye "ke", Jumatatu tunarudi kwenye "ke" na wale kumi wanakaa karibu nami.

Mchana wanapewa maneno matano ya kwenda nayo nyumbani. Mzazi namwambia jambo moja tu: mtoto akusomee wewe, usimsomee. Na wazazi watakuja. "Mwalimu, mbona wa shule ya jirani wameshafika herufi z, hawa bado wako kwenye k?" Mimi hujibu, "Mama, leo jioni mwandikie kaka, kuku na kiti, halafu mwonyeshe kiti kwanza." Wengi hawarudi na swali hilo tena. Wachache hurudi, kwa sababu mtoto amesoma kiti lakini kwenye kuku kasema kaka, na hapo tunakuwa na mazungumzo ya maana.

Limebaki la wiki iliyokatwa na sikukuu. Usijaribu kubana siku tano ndani ya tatu. Kinachoachwa ni herufi mpya. Marudio, imla na usomaji wa mmoja mmoja vibaki, isipokuwa kama mapumziko yameangukia Ijumaa: hapo, wasikilize watoto Alhamisi na imla uifute.