Ukienda Domoni, usiseme unakwenda Ngazija

Kwanza ondoa ulimini neno "Ngazija". Sisi Unguja kila mtu wa visiwa vya Comoro tunamwita Mngazija, na hata bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Domoni, mtaani kwetu waliishi wakimwita hivyo mpaka akafa. Domoni iko Nzuani, kisiwa ambacho ramani za Kifaransa huandika Anjouan, na watu wake ni Wanzuani. Nililikosea hilo mwaka 2017, nikiwa bado nimesimama mlangoni na mizigo yangu. Mzee wa nyumba alinisahihisha kwa upole, lakini mbele ya watu wote.

Toka Dar es Salaam utaruka hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija yenyewe, kisiwa kikubwa cha Comoro, kisha utatafuta ndege ndogo ya kwenda Ouani au boti ya kwenda Mutsamudu, zote Nzuani. Mambo ya viza yaulize ubalozi wao Dar kabla hujakata tiketi. Chukua yuro taslimu, na kiasi chake kiwe noti ndogo. Faranga ya Comoro imefungwa na yuro, yuro 1 ni faranga 492 hivi, kwa hiyo hesabu haikupi taabu. Safari yangu ya kwanza nilibeba shilingi nikidhani jirani hakosi kuzijua. Hakuna aliyezitaka, nikaanza ugeni wangu kwa kukopa nauli.

Nenda msimu wa kusi, kati ya Mei na Oktoba. Kaskazi huko ni joto na mvua nzito, na ndiyo miezi ya vimbunga.

Kutoka Mutsamudu hadi Domoni ni teksi ya kushirikiana na abiria wengine, unapanda milima upande huu na kuteremkia upande wa pili. Omba kiti cha mbele, uwe na ndimu au kipande cha tangawizi mkononi, maana kona hazihesabiki. Kisiwa hiki kilizaliwa na volkano. Moto wake umezimika zamani, si kama Karthala ya Ngazija ambayo bado iko hai, ila umeacha miteremko mikali na mawe meusi hadi ufukweni. Kilele chake, Ntringui, kina mita 1,595, na mara nyingi kimejifunika wingu. Ngazija mvua huzama yote kwenye mawe ya volkano, hawana mto wa kudumu, watu hukinga maji ya mvua kwenye mabirika. Nzuani ina mito, ingawa mingi imekauka kadiri misitu ilivyokatwa. Utaona kina mama wakifua mtoni na kuanika nguo juu ya mawe. Tafadhali, simu yako iache mfukoni hapo.

Ukifika Bambao teremka. Hapo hutolewa mafuta ya langilangi, ua lile lile tunalotia kwenye vikuba vyetu. Nenda asubuhi mapema, kwa sababu maua huchumwa alfajiri, kabla jua halijayanyang'anya harufu. Kule kwetu mlangilangi huachwa ukawa mti mrefu. Wanzuani huukata kichwa na kuyainamisha matawi mpaka mchumaji asimame chini na kapu lake, mti umepindana kama mzee mwenye baridi yabisi. Maua hutiwa kwenye chungu kikubwa cha shaba au chuma, moto wa kuni unachochewa kwa saa nyingi, na mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ya bei. Kilo 100 za maua hutoa kilo 2 tu hivi za mafuta. Nilipouliza kuni zinatoka wapi, kijana aliyekuwa anachochea alinyoosha kidole mlimani, pale palipobaki uwazi. Ukinunua kichupa usimlalie bei.

Sasa mji wenyewe. Domoni ilikuwa makao ya masultani kabla ya Mutsamudu, na mji wa kale bado upo: vichochoro vyembamba, milango ya kuchonga, mabaki ya ukuta uliojengwa kujikinga na wavamizi wa Kimalagasi. Mtu wa Mji Mkongwe atajihisi nyumbani, na hapo ndipo anapokosea. Vichochoro vile ni kama ukumbi wa watu, si njia ya kupita kimya. Salimia kila aliyekaa barazani, hata wakiwa kumi. Mwambie mtu mmoja umetokea wapi na unamtafuta nani, kisha tulia, kwani kabla hujafika kona ya pili habari zako zimeshafika. Kaburi la Ahmed Abdallah, rais wa kwanza wa Comoro, aliyeuawa Novemba 1989, liko hapo mjini na minara yake meupe. Valia heshima ukienda, na usiende saa ya sala ya Ijumaa.

Ukialikwa nyumbani, kumbuka nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na kwao, na mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo salamu ya kwanza na zawadi ya kwanza ni za mama mwenye nyumba. Peleka kanga, jozi nzima isiyokatwa, ingawa wenyewe hutoka na shiromani, nguo zao za kujitanda, nyekundu na nyeupe. Bibi kizee mwite koko, babu mwite bakoko. Nyuso za kina mama utaziona zimepakwa msindanu, msandali uliosagwa juu ya jiwe, kama liwa yetu.

Lugha itakufurahisha na kukuponza. Shinzuani ni ndugu wa Kiswahili, lakini si Kiswahili, na wakizungumza wao kwa wao utashika neno moja katika manne. Samaki ni fi. Ndizi ni trovi. Na ukimpa mtu kitu atakwambia "marahaba". Mimi nilisimama nikijiuliza nimemwamkia lini, kumbe ananishukuru.

Ufukweni waulize wavuvi habari za gombesa, samaki wa kale. Mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, wataalamu walishangaa, maana waliamini jamii yake ilikufa zamani za mamilioni ya miaka. Profesa J.L.B. Smith akachapisha karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100. Aliyezisambaza Comoro ni Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kati ya visiwa hivyo na Zanzibar. Desemba 1952 gombesa akavuliwa Domoni, akabebwa na watu kuvuka milima, kilomita 40 hivi, hadi Mutsamudu alikokuwa Hunt na chombo chake. Wavuvi wa Domoni walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote. Ukiwa ndani ya teksi ile kwenye kona zile, wafikirie waliompandisha kwa miguu.

Ufukweni hapo hapo kuna jambo la kuangalia. Kutoka Nzuani watu huvuka kwa mashua za kwasa kwenda Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, kilomita 70 hivi, na tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995 wengi sana wamezama. Asikushawishi mtu kupanda, hata kwa matembezi. Usipige picha za mashua wala za wanaozishughulikia. Na ukimkuta mama amekaa peke yake anatazama bahari, msalimie upite. Mwenyeji wangu ana mdogo wake aliyetoka usiku mmoja na hajarudi, na sahani yake bado iko kabatini.

Kofia nunua mwishoni, ukishajua nani ameshona. Mimi hushona, nikakaa na fundi mmoja mchana kutwa. Kila kitundu alikitoboa kwa sindano, akakizungusha uzi mara nyingi kwa mvuto mmoja, akakipitisha kwenye mwanga kabla ya kuanza kingine. Kofia moja inakula wiki nyingi. Lipa anachotaja.

Rudi Mutsamudu siku moja kabla ya safari, mvua ikikatiza njia usije ukaachwa. Na begi liache na nafasi ya kilo tano, kwa sababu usiku wa mwisho watakuja na vifurushi vya jamaa zao wa Unguja. Omba vifunguliwe mbele yako, hakuna atakayekasirika. Andika jina na mtaa juu ya kila kimoja pale pale, naye mwenye kifurushi akuone ukiandika.