Jinsi ya kusoma pendekezo la kura kuhusu utwaaji wa ardhi

Mimi ni mpangaji hapa Oakland, California, na wapangaji wenzangu huniuliza nayasomaje mapendekezo ya kura ya zamani, yaani sheria ambazo wananchi wenyewe waliulizwa kuzipitisha au kuzikataa kwa kura. Usianze na kichwa. Kichwa kimeandikwa kukuvutia. Fungua nyuma ya kijitabu cha wapiga kura, kwenye vifungu vyenyewe, kisha rudi kwenye maelezo ya mchambuzi wa bunge la jimbo.

Chukua Juni 2008. Mapendekezo mawili, la 98 na la 99, yote yalijinadi kuzuia serikali kutwaa mali za watu. Hasira ilitoka mwaka 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani iliporuhusu mji wa New London kutwaa nyumba kwa ajili ya uwekezaji. Lakini ndani ya la 98 mlikuwa na kifungu cha kufuta polepole udhibiti wa kodi za pango! La 99 lililinda nyumba anayoishi mwenyewe tu, tena likasema likipata kura nyingi kuliko la 98, hilo lingine halitafanya kazi. La 99 lilipita, la 98 likaanguka. Mpangaji aliyesoma kichwa tu angeweza kuipigia kura hasara yake, na hilo linaniuma.

Kwenye mapendekezo yanayogusa ardhi na maliasili, tafuta neno "fidia". Pendekezo la 90 la 2006 lingeilazimisha serikali kulipa pale sheria nyingi mpya, hata za mazingira, zinaposhusha thamani ya mali. Lilikataliwa. Jimbo la Oregon walipitisha pendekezo kama hilo, la 37, mwaka 2004, wakalipunguza makali kwa la 49 mwaka 2007. Kwa hiyo ukiona limepita, angalia na chaguzi zilizofuata.